Mapishi Niliyojifunza kwa Masikio

Kwa miaka minne nilikula chakula cha mtu ambaye sikuruhusiwa kumwona uso. Alikuwa baba mkwe wangu. Tuliishi ua mmoja, Kisondela, tukatumia jiko moja, kisima kimoja na njia moja ya kutokea barabarani. Muda wote huo nilimjua kwa kikohozi, kwa harufu ya tumbaku, kwa sauti, na kwa ladha ya mkono wake.

Asiyeijua Rungwe nimweleze mara moja, tuendelee. Kwetu mke wa kijana hamkaribii baba wa mumewe. Hamtazami, hampi mkono, halitamki jina lake, hasimami kwenye njia anayopita. Akimsikia anakuja, anaacha alichoshika na kupotea: nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, popote. Wenyewe tunaita kutila, yaani kuogopa, lakini si woga wa kupigwa. Ni heshima, na heshima ya mzee hupimwa kwa wepesi wa miguu ya mkwewe. Nililelewa Kisiba, nikamwona mama yangu akikimbia namna hiyo na mtoto mgongoni, kwa hiyo nilipoolewa hilo halikunishangaza. Nilijua kukimbia kabla sijajua kupika.

Kilichonishangaza ni kwamba mzee mwenyewe alikuwa anapika.

Alikuwa amefanya kazi kwenye kambi ya Wataliano waliokuja kutengeneza barabara. Alianza kwa kuchota maji, akawa mwosha sufuria, akaishia kuwa mpishi wao. Barabara ilipokwisha walifunga mashine zao wakaondoka, naye akarudi nyumbani na aproni mbili nyeupe, sufuria pana, uma kumi na mbili, na duara la jibini gumu ambalo jirani yake mmoja aliligonga kwa kucha akauliza, "Sabuni hii mnafulia au mnakula?"

Mwanamume wa kwetu hapiki nyumbani. Anaweza kuchoma nyama porini na wenzake, basi. Huyu alipika kila Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine sita mama mkwe na mimi tulipika ndizi, maharage, viazi na ugali kama watu wote, na mama mkwe ndiye aliyempelekea sahani yake. Jumapili mzee alivaa aproni, akaingia jikoni, akafunga mlango. Sisi wanawake tulikaa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, juu ya gogo, tukimenya na kusubiri. Ulikuwa ukuta wa matofali mabichi, na juu kabisa, kupita kichwa cha mtu mrefu, kulikuwa na matundu ya kutolea moshi. Kupitia matundu yale ndiko nilikojifunza.

Mzee hakuweza kusema nami, lakini hakuna mwiko wowote unaomkataza mtu kuzungumza na ukuta.

"Ewe ukuta," alikuwa akianza, "leo tunapika ragu. Vitunguu kwanza, moto mdogo. Ukuta ukiwa na haraka, vitunguu vinakuwa vyeusi, na Mtaliano anarudisha sahani."

Mama mkwe alifyonya. "Mzee anasema na matofali. Wamemharibu kabisa wale."

"Mama," nilimnong'oneza, "muulize karoti anaweka kabla ya nyama au baada."

"Ukuta unauliza karoti!" alipaza sauti mama mkwe.

"Ukuta una akili," mzee alijibu. "Kabla."

Hivyo ndivyo nilivyojua ragu, mchuzi wao mzito wa nyama na nyanya. Nilijua polenta, ambayo mzee aliicheka mwenyewe, "Wamevuka bahari kuja kula ugali wa njano, eti una jina." Nilijua wali wao wanaoupika kwa kuulisha supu kijiko kwa kijiko, na mzee aliapa kwamba mchele wa Kyela uliwafaa kuliko wa kwao. Nilichokipenda kuliko vyote ni supu nzito ya maharage na tambi zilizovunjwavunjwa, kwa sababu ilifanana na chakula cha mama yangu, kama vile mama yangu angekwenda safari ya mbali akarudi amebadilika kidogo. Lakini sifa kubwa ya mzee ilikuwa vidonge vya viazi. Yeye aliviita nyoki. Viazi mviringo vya Rungwe, unga wa ngano, yai, chumvi, kisha vinachemshwa na kumwagiwa ragu. Vikitoka mkononi mwake vilikuwa laini hata mtoto wangu aliyekuwa hajaota meno ya nyuma alivimeza bila kutafuna.

Chakula kikiwa tayari, mzee alipakua sahani zetu akaziacha juu ya kinu. Halafu aligonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko mara tatu. Hiyo ilikuwa alama: natoka, ondokeni njiani. Niliacha gogo nikaingia migombani, mvua ikinyesha au isinyeshe, na Tukuyu mvua ina siku chache sana za mapumziko. Mzee alipita na sufuria yake kwenda barazani kwa wenzake. Mama mkwe alikohoa kuniita. Nilirudi nikala, mara nyingi chakula kimekwisha poa.

Wenzake walikuwa watatu, watu wa rika moja waliokua pamoja, na kwa desturi yetu watu wa rika hula pamoja. Jumapili walikuja wote, wakala wote, wakasifu wote, wakimdhihaki wakiwa bado wanatafuna.

"Leo mke wa Wataliano ametupikia nini?" aliuliza mwenye kofia ya pama. Sauti yake ilifika hadi migombani.

"Kula kwanza, utukane baadaye."

"Nauliza tu, bwana. Aproni hiyo hukusahau kuifungia nyuma? Isije ikateleza tukakuona gauni."

Walicheka. Mzee alicheka pia, lakini kicheko chake kilianza baadaye na kuisha mapema. Nilikaa na kicheko kile kwa muda mrefu. Nilikuwa na tabia, na bado ninayo, ya kusikiliza jambo na kuliweka mahali pake hadi lipate maana.

Mume wangu wakati huo hakuwapo. Alikuwa karani wa ghala la kahawa. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na magari yao hadi vijijini, ghala likakaa tupu, makarani wakapewa barua. Alikwenda Tunduma kubahatisha kwenye bidhaa za mpakani. Maduka ya Tukuyu yalijaa ghafla vitu ambavyo zamani tulivisikia tu: tambi za pakiti, nyanya za kopo, mafuta ya kupikia yasiyoulizia kibali. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Mume wangu alituma salamu kwa watu, akaja Krismasi, akaondoka.

Mimi nilitaka kitu kimoja, nacho nakitaja wazi ili kisitafutwe: nilitaka jiko langu. Chumba kimoja na mlango, hata cha kupanga, ambamo nikitoka nje sitazami kwanza nani anapita. Nilitaka kula chakula kikiwa cha moto, nikiwa nimekaa, uso wangu ukielekea mlangoni.

Nafasi ilikuja yenyewe. Mfanyabiashara mmoja alijenga nyumba ya wageni kata ya Bagamoyo, pale Tukuyu mjini. Wageni wake wengi walikuwa wataalamu wa miradi, Wazungu waliochoka na chipsi mayai. Alisikia habari za mzee, akaja Kisondela siku ya Jumatano. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko na ndoo ya maji, sikuwahi kuondoka, nikabaki palepale nimebana pumzi.

"Mzee, nakutaka wewe," alisema. "Chumba cha kulala nyuma ya jiko kipo. Kazi ni asubuhi hadi jioni."

"Miguu yangu haisimami tena asubuhi hadi jioni," mzee alimjibu. "Jumapili moja inanilaza Jumatatu yote. Lakini nyumba hii ina mkono mwingine."

"Mama hapa?"

"Huyu? Huyu hajawahi hata kukoroga sufuria yao. Nasema mke wa mwanangu."

"Umemfundisha?"

"Amejifunza."

"Basi aje Jumamosi ya wiki ijayo. Nina Wataliano watatu wa mradi wa maji. Awapikie mchana, wakiridhika, kazi ni yake na chumba ni chake. Lakini awapikie hivyo vidonge vya viazi. Ndivyo wanavyovililia."

Ndoo ilinitoka mkononi. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba yule bwana aliuliza, "Nini hicho?" na mzee akajibu, "Ukuta."

Sasa nieleze kosa, maana kila kitu kimejengwa juu yake. Ragu unaweza kuijifunza kwa masikio na pua. Vitunguu vina sauti yao, nyama ina sauti yake, nyanya zikiiva zinabadilika harufu. Nyoki ni jambo la mikono. Kuna mahali katika kazi ile ambapo mzee aliuambia ukuta, "Sasa unga," kisha akanyamaza. Na baada ya kimya kile nilisikia kila Jumapili: pu, pu, pu. Kitu kikipigwa kwa nguvu juu ya ubao, dakika nyingi, hadi mfuniko ukatetemeka. Nilijua basi kwamba donge lile linapigwa.

Mtu ataniuliza mbona sikuchungulia. Nilichungulia. Mara moja, mwaka wa pili, nilipindua kinu cha akiba nikapanda, nikafikisha macho kwenye matundu. Niliona kamba ya aproni na kisogo chenye mvi. Nikashuka upesi. Wiki ile mtoto wangu aliugua homa. Mama mkwe hakuniuliza kitu, aliangalia tu mahali kinu kilipokuwa kimekaa, kisha akaniangalia mimi. Sikupanda tena.

Na nilimuuliza yeye, kwa kuwa hakukuwa na wa kumzuia kuingia.

"Mama, anapiga nini pale?"

"Najuaje? Unga, nyama, shetani. Mimi mwanamume akishika mwiko natazama pembeni."

Kwa hiyo katika ua ule hakuna mtu aliyewahi kutazama mikono ya mzee ikifanya kazi. Mimi nilikatazwa, mkewe aliona aibu, wenzake walisubiri sahani.

Jioni ya Jumatano ile nilimwambia mama mkwe nilichokuwa nimekiwaza tangu ndoo iliponidondoka. Katika ukoo ule mwiko uliwahi kulegezwa. Mwanamke mmoja alimuuguza baba mkwe wake aliyepooza, na wazee walikaa, wakala, wakasema maneno yao, akafunguliwa. Niliomba nami nifunguliwe, kwa siku moja tu, niingie jikoni nimwone akikanda.

Mama mkwe aliacha kuchambua maharage.

"Yule alikuwa anamgeuza mgonjwa kitandani," alisema. "Wewe unataka kujifunza kupikia Wazungu."

"Nataka kazi, mama."

"Mimi nilimkimbia baba yake huyu nikiwa na mimba ya mumeo. Mvua ya mwezi wa nne. Nilianguka kwenye mtaro, nikalala mle mpaka alipomaliza kupita, na alikuwa anatembea polepole makusudi, yule mzee. Hakuna aliyenifungua. Wewe miguu yako ina nini cha zaidi?"

Hata hivyo alimfikishia. Hilo nampa haki yake. Jumapili iliyofuata, kabla ya vitunguu, sauti ilikuja kwenye matundu, chini kuliko kawaida.

"Ukuta, nimesikia ombi. Kazi ni nzuri. Lakini wale wa barazani wananiita mke wa Wataliano. Mimi ni mwanamume ninayevaa aproni. Kitu kimoja kinachowafunga midomo ni kwamba nikipita, mke wa mwanangu anakimbia kuliko wake za wana wao wote. Hicho nikikitoa, ukuta, nitabaki na nini?"

Pale ndipo kile kicheko chake kilipopata maana. Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia kitu. Kisha nikasikia: pu, pu, pu.

Nilikuwa na siku sita. Unga wa ngano na mayai havikuwa vitu vya kuchezea, kwa hiyo nilifanya jaribio mara moja tu, siku ya Jumanne. Nilichemsha viazi, nikaviponda, nikatia unga na yai, nikachukua chupa tupu na kulipiga donge lile kwa bidii yangu yote, kama nilivyosikia. Lilikaza likawa zito, linavutika. Niliongeza unga, nikapiga tena. Vidonge vilipochemka nilikionja kimoja. Kilikuwa kigumu. Nilijiambia kwamba nimezoea cha mzee na ulimi una upendeleo, na kwamba kwa vyovyote mwenye kujua yupo, atasema. Nikapakua sahani, nikamwagia ragu, nikampa mama mkwe apeleke.

Nilikaa juu ya gogo nikisubiri. Nakumbuka nilivyokuwa nimejiandaa kusikia kosa. Nilitaka kosa. Niliweka mikono magotini kama mwanafunzi.

Mama mkwe alirudi na sahani tupu, imefutwa safi.

"Anasema ndaga."

Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa.

"Hakusema kingine?"

"Ndaga fijo, amesema. Asante sana."

Nililala usingizi mzuri usiku ule na uliofuata. Nilianza hata kuwaza chumba changu kitakaa vipi, kitanda upande gani, jiko la mkaa upande gani, na mlango uangalie wapi.

Jumamosi niliondoka Kisondela alfajiri na viazi kichwani, mtoto nikimwachia bibi yake. Jiko la nyumba ya wageni lilikuwa na meza ya vigae na maji ya bomba. Nilipiga donge langu hadi jasho likanitoka. Ragu ilichemka taratibu, harufu yake ikamfanya hata mfagiaji aje kusimama mlangoni. Vidonge nilivitia kwenye maji. Mzee aliwahi kuuambia ukuta kwamba vikielea viko tayari. Vyangu vilikaa chini muda mrefu, vikapanda kimoja kimoja, kama watu walioitwa kwenye mkutano wasioutaka.

Chumba cha kulia kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kwa kuwa kusikiliza kupitia ukuta ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote, nilisikiliza. Nilisikia viti. Nilisikia neno la furaha, bila shaka sahani zilikuwa zimefika. Uma zikagonga sahani. Kisha zikapungua. Mtu mmoja alisema jambo kwa sauti ndogo, mwingine akacheka kwa pua. Uma zikaanza tena, lakini sasa zilikuwa zinakwangua, hazichomi.

Mwenye nyumba aliingia jikoni akasimama karibu na bomba. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, mchuzi wameumaliza. Mmoja ameulamba na mkate. Lakini vile vidonge wamevipanga pembeni mwa sahani, kama watoto wanavyopanga kokwa."

"Niwapikie kingine? Najua supu ya maharage, najua wali wao—"

"Walitaka hivyo." Alifungua bomba, akalifunga. "Nilimfuata mzee, mama. Ningetaka kujaribu watu ningewapata hapahapa sokoni."

Alinipa mkate mzima nimpelekee mtoto. Kazi aliipata kijana wa Mbeya aliyejua kukaanga kuku. Nasikia alikaa sana.

Niliporudi nilimweleza mama mkwe kila kitu kwa mpangilio, tangu maji ya bomba hadi kokwa, na najua naye alieleza kwa mpangilio huohuo, kwa sababu Jumapili jiko lilikuwa kimya hata vitunguu havikukaangwa. Tulikaa juu ya gogo letu. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Hatimaye mzee alisema.

"Ukuta. Nani alikwambia viazi vinapigwa?"

Mama mkwe alinitazama.

"Viazi vinashikwa kama kifaranga cha siku moja. Unakusanya, basi, unaacha. Ukivikanda sana vinakuwa mpira. Nilikuwa napiga vipande vya nyama ya kukaanga, ukuta. Ng'ombe wetu ni wagumu, bila kupigwa hawatafuniki."

Nyama. Kila Jumapili, miaka minne. Kisha wazo la pili lilikuja polepole, nikamgeukia mama mkwe.

"Ile sahani ya Jumanne."

Alitazama mvua.

"Mama. Alikula?"

"Alikula viwili. Akasema, 'Haya ni mawe.' Vingine alimpa mbwa."

"Na ukaniambia ndaga."

"Yeye ndiye aliyesema ndaga, mwanangu. Mimi nilibeba nilichopewa. Chakula cha mkwe hakikosolewi. Mzee akikirudisha chakula cha mke wa mwanawe, amemfukuza. Angekukosoa ungelia kwamba hutakiwi hapa. Alikuheshimu."

Nilisimama. Sikujua kama ningesema hadi niliposikia nimekwisha sema, kwa sauti yangu mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, nikielekea yale matundu.

"Baba. Ulijua?"

Mama mkwe alishika kinywa. Ndani, kitu kiliwekwa mezani taratibu. Nilisubiri. Nilisikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza sentensi ndefu.

Kisha akagonga mfuniko. Mara tatu.

Nami nikakimbia. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta namna ya kuipunguzia aibu, nimeshindwa. Nilikuwa na hasira iliyotosha kubomoa ule ukuta, lakini miguu ilisikia alama ikaondoka na mimi. Nilisimama migombani nimelowa, nikamsikia akipita na aproni yake kwenda barazani, mikono mitupu. Siku ile hapakuwa na chakula.

Hakupika tena. Wenzake walisema miguu imemzidi, na huenda ni kweli. Jumapili ikawa siku kama nyingine, ndizi na maharage.

Jiko langu nililipata baadaye kabisa, kwa njia nyingine na kwa kuchelewa. Mume wangu alirudi kutoka Tunduma ikiwa imemchosha, tukahamia Mbeya, nami nikapata kazi ya kuosha vyombo kwenye hosteli ya masista. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kitaliano. Siku moja alipika nyoki. Nilisimama pembeni na kitambaa mkononi nikamtazama. Alikusanya viazi na unga kwa vidole, akavibana kidogo kama anayemfunika mtoto, akaacha. Haikufika dakika moja. Kisha akasukuma kila kidonge juu ya uma kwa kidole gumba, kikapata mistari. Zile uma kumi na mbili za kambini, kumbe. Nilikuwa nikidhani zilikuwa za kulia tu. Sista aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia vitunguu. Hakukuwa na kitunguu mezani.

Mwaka huo tulikwenda Kisondela. Baba mkwe alikuwa hai bado, hatoki chumbani, meno yamekwisha. Nilinunua viazi, nikapika katika jiko lilelile, mlango wazi, hakuna aliyekuwa akija. Vidonge vilielea mara tu vilipogusa maji. Nilivionja vikayeyuka mdomoni. Nilipakua sahani, nikamwagia ragu, nikampa mama mkwe, ambaye naye alikuwa anatembea kwa fimbo. Nikaenda kukaa juu ya gogo.

Alichelewa sana. Aliporudi, sahani ilikuwa tupu, imefutwa safi.

"Anasema ndaga," alisema.

Nilimtazama uso. Nilitafuta humo chochote, hata tabasamu dogo, hata aibu.

"Mama, niambie ukweli. Alikula, au alimpa mbwa?"

"Mbwa alikufa mwaka juzi, mwanangu," alisema, akaichukua sahani akaenda kuiosha.